Sikudhani na Zimwi Mnusa Pumzi

Paukwa!

Pakawa!

Midomo?

Tumefumba.

Masikio?

Tumefungua.

Basi kaeni vizuri, na mwenye kamasi apenge kwanza, maana hadithi ya leo haimpendi mtu wa kamasi.

Hapo kale kulikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Akina mama walifinyanga vyungu, akina bibi walifinyanga mitungi, na watoto ndio waliokwenda kuchimba udongo. Udongo ulitoka katika shimo kubwa nyuma ya kilima. Ulikuwa mwekundu, laini, unaonata vidoleni.

Shimo lile lilikuwa na mwiko wake. Kila mtoto, kabla ya kushuka, alichuma jani la mpera akalibana kwa midomo. Hakuna kuzungumza, hakuna kucheka, hakuna kupumua kwa mdomo. Jani halitoki mpaka udongo uwe kichwani na mguu uwe juu ya shimo.

"Kwa nini, bibi?" watoto waliuliza.

"Kwa sababu chini ya shimo analala Zimwi," bibi zao walijibu. "Macho yake yalizibwa na udongo tangu ujana wake, haoni hata jua. Lakini pua yake inasikia harufu ya pumzi, na pumzi aipendayo ni ile ya mdomo uliokaa wazi."

Basi, katika kijiji kile alikuwapo msichana jina lake Sikudhani. Alikuwa mpole, mwepesi wa kutumwa, na mikono yake ilijua kufinyanga kijungu kidogo kuliko ngumi.

Lakini Sikudhani alipumua kwa mdomo. Akitembea, mdomo wazi. Akifinyanga, mdomo wazi. Akilala, mdomo wazi. Pua yake ilikuwa imeziba kwa mafua yasiyokwisha na moshi wa kuchomea vyungu, naye akazoea hivyo. Asubuhi aliamka ulimi umekauka kama kigae, na kinywa kinanuka.

Mwenyewe hakujua. Nani anayesikia harufu ya kinywa chake?

Wenziwe ndio waliojua. Alipokaa, walisogea. Alipowafuata, walisogea tena. Rukaya, msichana wa maneno mengi, alishika pua akasema, "Jamani, nani kafunua chungu cha dagaa?" Wote wakacheka. Sikudhani naye akacheka, akageuka kutafuta dagaa walipo.

Mmoja tu hakusogea. Huyo ni Mwajabu, binti wa nyumba ya jirani. Sikudhani akikaa, Mwajabu huvuta mkeka wake akakaa karibu naye. Hakusema kitu. Alikaa tu.

Siku moja akina mama walitaka udongo wa mitungi. Watoto wakachukua vikapu, wakafika shimoni, kila mmoja akachuma jani la mpera akalibana kwa midomo. Sikudhani naye, ambaye hakuwahi kushuka, akabana lake.

Wakashuka. Wakachimba. Kifua cha Sikudhani kikaanza kubana. Alivuta kwa pua, hewa haikupita. Alivuta tena, haikupita. Akavuta mara ya tatu, machozi yakamtoka, midomo ikaachia yenyewe. Jani likaanguka. Sikudhani akapumua kwa mdomo, pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka majini.

Ardhi ikatikisika.

"Nasikia harufu ya pumzi," sauti ilisema kutoka chini.

Watoto wakatupa majembe.

"Nasikia harufu ya pumzi," sauti ilisema kutoka ukutani.

Watoto wakapanda juu mbio, Rukaya mbele ya wote, kikapu chake kikibaki nyuma.

"Nasikia harufu ya pumzi," sauti ilisema karibu kabisa, na mkono mkubwa wenye manyoya ukatokeza kwenye udongo, ukamkamata Sikudhani kifundo cha mguu, ukamvuta ndani ya pango.

Mwajabu alikuwa amekwisha kufika juu. Aligeuka, akaona. Alitua kikapu chake polepole, akalibana jani vizuri kwa midomo, akashuka tena shimoni. Chini ukutani, jiwe la mlango wa pango la Zimwi lilikuwa linaviringika kufunga. Mwajabu akajipenyeza ndani.

Jiwe likafunga.

Ndani kulikuwa na giza, isipokuwa mwanga mwembamba kama uzi ulioshuka kutoka ufa wa juu. Katika ufa huo ulining'inia mzizi wa mti, na matone ya maji yaliufuata, yakidondoka kwenye kigae sakafuni. Kuta zote zilikuwa udongo mzito uliokauka. Vyungu vilivyoibwa kijijini miaka na miaka vilipangwa kando ya ukuta. Njia ya kutokea ilikuwa moja, na njia hiyo ilikuwa na jiwe, na jiwe hilo hakuna wa kulisukuma isipokuwa Zimwi.

Zimwi alikaa, akaliegemea jiwe. Akalaza sikio sakafuni, akasikiliza mbali.

"Shemeji yangu ameshatoka kwake," alisema. "Una bahati, kitoweo changu. Kwetu hatuli nyama kabla shemeji hajakaa mkekani. Ukila kabla yake, anamchukua dada yake, yaani mke wangu aliyekwenda mtoni, wanarudi wote kwao."

Kisha akanusa hewa.

"Pumzi ipo, mtoto yupo," alisema, akajinyoosha, akaanza kukoroma.

Sikudhani alijikunja penye giza. Aligusa ukuta, ukuta. Aligusa upande wa pili, ukuta. Akatamani kumwita mama yake. Ndipo kitu kikamgusa bega.

"Usipige kelele. Ni mimi."

"Mwajabu? Umekamatwa na wewe?"

"Sikukamatwa. Nimekuja."

Sikudhani akamshika mkono kwa nguvu.

"Sikiliza," Mwajabu alinong'ona, mdomo sikioni mwa mwenziwe. "Hajui kama nipo. Wewe anajua upo kwa sababu ya pumzi yako. Asipoisikia atadhani umetoroka. Akidhani umetoroka, atafungua jiwe akukimbize. Na sisi tutatoka nyuma yake."

"Nitafanyaje?"

"Fumba mdomo, vuta kwa pua, taratibu kama unayenusa ua."

Basi Zimwi alipoamka, Sikudhani alifumba mdomo. Alivuta kwa pua, haikupita. Uso ukamvimba, masikio yakavuma. Zimwi hakuwa hata amemaliza kupiga mwayo, Sikudhani akaachama, akahema kama mbwa aliyekimbia.

"Pumzi ipo, mtoto yupo," Zimwi alisema. Akalaza sikio sakafuni. "Shemeji amevuka mto."

Akawasha moto, akateleka chungu kikubwa cha maji. Maji yakaanza kuimba. Sikudhani alitazama chungu kile, akakumbuka chungu kingine, cha nyumbani. Mtoto wa kijiji akishikwa na mafua, bibi yake huchemsha majani ya kivumbasi, akamfunika nguo, akamfukiza.

Akajikaza, akasema, "Shikamoo, babu."

Zimwi akashtuka. Hakuna kitoweo kilichowahi kumwamkia.

"Marahaba," alisema. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu, babu. Ila naona chungu hakina kivumbasi."

"Unanifundisha kupika?"

"Sithubutu. Nawaza tu shemeji. Asije akarudi kwao akasema kwa babu nyama haina ladha."

Zimwi alikuna kidevu. Jambo lile lilimwingia. Alilisogeza jiwe kidogo, akatoka kinyumenyume, pua imeelekea ndani, akinusa kila hatua, "Pumzi ipo, mtoto yupo. Pumzi ipo, mtoto yupo." Sikudhani asingeweza kupita mbele ya pua ile.

Lakini Mwajabu angeweza. Alikuwa amesimama pembeni ya jiwe, mwanga wa nje umemwangukia usoni. Sikudhani alimwonyesha kwa mkono: nenda. Mwajabu alitazama nje, akaona majani na anga. Akatikisa kichwa.

Jiwe likafunga.

"Mbona hukutoka?" Sikudhani alinong'ona.

"Nikitoka, nani atakukumbusha kufumba mdomo?"

Zimwi akarudi na mzigo wa kivumbasi, akautupa wote chunguni. Sikudhani akasema, "Babu, pumzika, mimi nitakoroga." Zimwi akafurahi kupata kitoweo chenye adabu namna ile, akakaa tena mgongo kwa jiwe, akasinzia.

Mwajabu akafungua kanga yake kiunoni, akamfunika Sikudhani kichwa juu ya mvuke, si karibu sana, asije akaungua. Sikudhani akavuta. Kamasi zikaanza kushuka. Akapenga. Akavuta tena, akapenga tena. Tundu moja likafunguka, kisha la pili.

Akatoa kichwa chini ya kanga, akainua pua juu.

"Nini?" aliuliza Mwajabu.

"Nasikia harufu ya udongo," alisema Sikudhani. "Maisha yangu yote nimefinyanga udongo. Sikujua kama unanukia hivi."

Basi Zimwi alipoamka mara ya pili, Sikudhani alifumba mdomo, akavuta kwa pua, taratibu kama anayenusa ua. Hewa ikaingia, hewa ikatoka. Kifua hakikubana.

Zimwi alinusa huku. Akanusa kule. Sikudhani akaona bega la Zimwi likiinuka kutoka kwenye jiwe.

"Imepungua," Zimwi alisema. Akanusa tena. "Imepungua, lakini ipo. Pumzi ipo, mtoto yupo." Bega likarudi kwenye jiwe. Akalaza sikio sakafuni. "Shemeji anapanda kilima. Akifika tu, tunakula."

Alipoanza kukoroma tena, Sikudhani alimgeukia mwenziwe.

"Nimefumba mdomo. Nimevuta kwa pua. Kwa nini bado ananisikia?"

Mwajabu alichora sakafuni kwa kidole.

"Mwajabu."

"Nikikuambia, usinichukie."

"Niambie."

"Kinywa chako kinanuka, Sikudhani. Kimezoea kukaa wazi, kikakauka, na ule uchafu wa ulimi umegandia. Hata ukifumba, bado kinanuka."

Sikudhani akasema polepole, "Wale dagaa wa Rukaya."

"Hakukuwa na dagaa."

Machozi yakamshuka Sikudhani, mengi, bila sauti. Alikumbuka kila mkeka uliosogezwa. Alikumbuka alivyocheka pamoja nao.

"Na wewe ulijua. Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Niliogopa utalia. Nikaona heri nikae karibu yako tu, usijione peke yako. Nilikosea, mwenzangu. Ningekuambia mapema, leo tusingekuwa hapa."

Sikudhani alifuta macho kwa upindo wa kanga. Alimtazama Mwajabu, aliyeliona anga akaliacha.

"Basi nimeshalia," alisema. "Tufanye nini?"

Mwajabu akatazama juu, kwenye ule ufa. Mzizi ulioning'inia pale aliufahamu. Ulikuwa mzizi wa mti wa mswaki, ule ule ambao mama yake huutafuna kila asubuhi. Akapanda juu ya vyungu, vyungu vikagongana kidogo, Zimwi akaguna. Wakatulia. Zimwi akaendelea kukoroma. Mwajabu akavunja kipande cha mzizi, akashuka, akakitafuna ncha mpaka kikawa nyuzi laini, akamvunjia na Sikudhani chake.

"Tafuna kama hivi. Sugua meno ya mbele. Sugua ya nyuma, huko ndiko kunakojificha. Sasa ulimi, polepole, mpaka kule mwisho."

Sikudhani akasugua. Akakohoa, akasugua. Wakachukua maji kwenye kigae, akasukutua, akatema. Akasugua tena, akasukutua, akatema. Akasugua mara ya tatu, akasukutua, na maji yakatoka meupe kama yalivyoingia.

Mwajabu akasogeza uso karibu.

"Pumua," alisema.

Sikudhani aliona haya, akapumua kidogo.

"Unanukia mti," alisema Mwajabu, na wote wawili wakacheka kimyakimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo wakalowesha udongo wa sakafuni, wakajipaka mwili mzima, wakachutama kando ya ukuta katikati ya vyungu.

Nje vishindo vilianza kusikika. Shemeji alikuwa karibu.

Zimwi akaamka. Akajinyoosha. Akanusa.

Fumba mdomo, vuta kwa pua, taratibu kama unayenusa ua.

Akanusa huku. Akanusa kule. Akasimama, kichwa kikagonga dari.

"Pumzi iko wapi?" alisema Zimwi.

Akaanza kupapasa. Mkono wake mkubwa ulipita juu ya vyungu, kimoja baada ya kingine. "Chungu," alisema. "Chungu." Mkono ukatua juu ya kichwa cha Mwajabu, baridi, chenye udongo. "Chungu." Ukatua juu ya kichwa cha Sikudhani, ukakaa.

Sikudhani alisikia hofu ikimpanda kooni, ikitaka kumfungua midomo. Kila hofu aliyowahi kuwa nayo ilitokea mdomoni. Aliibana. Mkono wa Mwajabu ukamgusa kidole, ukamfinya kidogo. Akavuta kwa pua. Akatoa kwa pua.

Ukucha wa Zimwi uligonga kichwani pake, ngo, ngo.

"Chungu kibichi hiki," alisema Zimwi kwa dharau. "Hakijachomwa." Mkono ukaondoka.

"Ametoroka," alisema. "Ametoroka, na shemeji yuko mlangoni. Dada yake anaondoka leo."

Akalisukuma jiwe likabingirika, akatoka mbio, pua mbele.

Sasa, kule nje, shemeji alikuwa akishuka kuja shimoni. Alikuwa ametembea mbali, amevuka mto, amepanda kilima, na amechoka. Alikuwa anahema, mdomo wazi kama kikapu, na meno yale hayajaguswa na mswaki tangu yaote.

"Nasikia harufu ya pumzi!" alipiga kelele Zimwi, akamrukia.

"Shemeji, niache, ni mimi."

"Mtoto mjanja, umegeuza sauti. Lakini pumzi ni ile ile, tena imezidi."

Akamng'ata sikio. Shemeji naye hakuwa mtu wa kung'atwa sikio ukweni. Wakashikana, wakaviringishana, wakaporomoka upande wa pili wa kilima mpaka ndani ya mto. Walipoibuka, maji yalikuwa yamemwosha shemeji mdomo, na Zimwi akamtambua. Alikuwa amechelewa. Shemeji akamchukua dada yake siku ile ile, akarudi naye kwao, sikio mkononi. Zimwi akawafuata nyuma akiomba radhi. Wanasema mpaka leo yuko kwa wakwe zake, anachota maji, na bado hajasamehewa.

Sikudhani na Mwajabu walipanda kutoka shimoni wameshikana mikono. Juu waliwakuta akina mama wanakuja mbio na majembe, mama yake Sikudhani mbele, hana hata kiatu. Aliona vitoto viwili vya udongo vikitembea. Alimtambua wake kwa macho tu, akamkumbatia na udongo wake wote.

Toka siku ile Sikudhani alipiga mswaki asubuhi, na jioni kabla ya kulala. Mafua yakija, mama yake alimfukiza. Alizoea kupumua kwa pua, mchana na usiku, na alipojisahau, Mwajabu alimgusa kidole.

Siku moja watoto walikaa wanafinyanga. Rukaya alikuja akaketi karibu na Sikudhani, maana siku hizi kila mtu alitaka kuketi hapo. Rukaya alikuwa na mafua, mdomo wazi, na alianza kusimulia jambo refu. Sikudhani, kwa pua yake mpya, akasikia.

Alikumbuka dagaa. Watoto wote walikuwa pale, na neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mwajabu alimtazama.

Sikudhani alivuta mkeka wake, akasogea karibu zaidi. Akaweka mdomo wake sikioni mwa Rukaya, akamnong'oneza, taratibu, asisikie mtu mwingine. Kisha akachomoa kipande cha mzizi wa mswaki kwenye upindo wa kanga yake, akamtia mkononi, akakifunika kwa udongo kidogo ili wengine wasikione.

Rukaya akainamisha kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Asante, dada."

Basi wanangu, fumbeni midomo mpumue kwa pua, sugueni meno na ulimi asubuhi na jioni, na pua ikiziba, mwambieni mama. Na mwenzako akinuka kinywa, usimcheke mbele za watu. Mwambie sikioni, ukae karibu.

Hadithi yangu imetua kikapu chake, imeishia hapo. Aliyeipenda aibebe, na atakayelala mdomo wazi, nitakuja mwenyewe nimfumbe.